Ngurumo Iliyokingwa kwa Ndoo

Newala ikisikika ngurumo, wanawake hawatazami juu. Wanakimbilia vyombo. Jioni moja ya Novemba Sikuzani, ambaye watu walimwita Mama Faidha, alitoa ndoo mbili za plastiki, sufuria ya ubwabwa na beseni la kuogea, akavipanga chini ya mchirizi wa bati. Ukingoja kwanza uone wingu utakuta wenzako wamejaza, na maji ya bondeni ni mbali. Ndiyo maana hakuna aliyeangalia.

Wingu halikuwapo. Ilikuwa inapita ndege, kubwa, rangi ya majivu, haina bendera wala namba, inaelekea mto Ruvuma, mpakani. Ngurumo yake ikateremka juu ya bati, ikafuata mchirizi, ikajaza ndoo mpaka ukingoni.

"Mama Faidha wee!" Veridiana, jirani yake, aliita toka uani kwake. "Umekinga nini mpaka ndoo inanung'unika?"

"Hichohicho ulichokinga wewe."

"Mie yangu nimeimwagia mihogo. Sasa mihogo inatetemeka, sijui nitaichimbaje."

Faidha alikuwa darasa la pili, ametoka kucheza, ana kiu. Aliona chombo kimejaa akachota kikombe, akanywa. Asubuhi alipofungua mdomo kumwamkia bibi yake, ikatoka ngurumo ya ndege. Sahani ziligongana kabatini. Bibi yake, Bimdogo, alingoja ipite, akasema, "Marahaba mjukuu wangu," na kesho yake alfajiri akamgeukia Sikuzani.

"Huyu kaingiwa. Kitu cha watu kikimwingia mtu tunakiuliza, we nani, umetoka wapi? Akishatajwa mwenyewe, kinatoka. Nimekiuliza usiku kucha, hiki hakisemi. Nenda kwa wakubwa, mwanangu. Wenye anga ni wao."

Hapo wengi wetu tungekaa tukalia. Sikuzani hakulia. Alikaza kanga kiunoni, akaifunika ndoo iliyobaki, akajitwika, akamshika mtoto mkono mpaka ofisi ya wilaya.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa. Wanunuzi wa korosho walikuja na magari yao, nguo za mitumba zilitandikwa chini mpaka mlangoni kwa wakubwa. Mkubwa aliyempokea naye alivaa suti ya mtumba, mikono mirefu kidogo. Alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo mzee. Nataka kujua ile ndege ni ya nani. Jina tu, sitaki fidia."

"Ndege gani, mama?"

Sikuzani akafunua ndoo. Ngurumo ikazunguka ofisi nzima, makaratasi yakaruka, na ndani yake zikasikika sauti za wanaume wakicheka kwa lugha isiyo ya hapa. Mkubwa alishika kikombe kisimwagike mpaka ikaisha.

"Mama," alisema kwa upole, "nchi yetu haifungamani na upande wowote. Sasa ndege ya upande fulani itapitaje kwetu? Haiwezi. Kwa hiyo haikupita."

"Na iliyomo kwa mwanangu?"

"Hayo mafua."

"Mafua yana rubani, mzee?"

Mkubwa akainama kuokota makaratasi.

"Mtu akikatiza uani kwangu bila hodi namuuliza," Sikuzani alisema. "Nyie na askari wenu mnashindwa kuuliza?"

"Mama, na mimi nina watoto," alijibu polepole. "Hiyo ndoo usiilete tena. Kesho tuna wageni."

Sikuzani akarudi nyumbani. Ndege ilipopita tena alisimama katikati ya ua, uso juu, akauliza kwa sauti ya kumuuliza mtu anayekatiza uani: "We nani? Umetoka wapi?" Veridiana alimcheka. Safari iliyofuata akaja kusimama naye, unga wa muhogo bado mikononi. Wakaja na wa mtaa wa juu, Waislamu na Wakristo, wengine na watoto mgongoni. Serikali ilikuwa na bunduki, mihuri na bendera, ikanyamaza. Wao hata viatu wengi hawakuwa navyo, wakauliza. Kwa muda ule mpaka wa juu wa nchi hii ulilindwa na kina mama wa Newala, na waliulinda vizuri.

Ndege hazikujibu. Ziliendelea kupita.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto, ukisikia ngurumo angalia wingu kwanza. Kama hakuna, pindua ndoo, ingiza mtoto ndani. Usingoje kuambiwa na ofisi.

Faidha aliendelea na shule. Asubuhi mwalimu akiita jina lake alisimama wima, mikono ubavuni kama wenzake, akafungua mdomo, na madirisha yakatetemeka. Watoto waliziba masikio bila kuacha kuandika. Mwalimu alingoja ipite, akaita jina linalofuata.