Flashi ya Mkunga

Fundi alitengeneza vyerehani vya watu kwa miaka arobaini bila kuharibu hata kimoja, akaja kuharibu kitabu cha mkewe Jumamosi moja asubuhi, kwa kidole kimoja, huku anapiga mluzi.

Lakini tuanze na maboksi. Kampuni moja ya bima ilihama ofisi na kutupa vikompyuta vyake vyote, vile vidogo vya unene wa kamusi, visivyo na diski wala feni. Peke yavyo havijui kitu. Vilizoezwa kutegemea kompyuta kubwa ya ofisini kwa kila jambo. Wengi waliona takataka. Fundi aliona mali, yeye na wastaafu wenzake wawili: Mwalimu, mama aliyefundisha hesabu mpaka wanafunzi wake wakapata wajukuu, na fundi redio mmoja ambaye kwa jinsi anavyoendesha mambo yake watu walimbatiza Taratibu. Kila Jumamosi walijifungia stoo kwa Fundi wakavitia vikompyuta vile programu huria, zile za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha, kisha wakavigawa kwa wenye shida navyo.

Kazi yao ilikwenda hivi. Programu nzima inakaa kwenye flashi. Unaichomeka nyuma ya boksi, unawasha, boksi linameza kila kitu kwenye kumbukumbu yake, na kuanzia hapo flashi haina kazi tena mpaka boksi likizimwa, maana hapo kumbukumbu hufutika. "Likishaamka, chomoa," ndiyo kauli waliyokuwa nayo, maana flashi zilikuwa chache na maboksi mengi. Mikono yao ilishazoea, wala hawakuwa wanafikiri tena.

Boksi la kwanza kabisa Fundi alimpa mkewe. Mama huyu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alivuta kiti karibu na dirisha la sebule akaanza kuandika kitabu. Watoto waliozaliwa kwenye mafuriko, baba aliyezimia akaumia kuliko mzazi, watoto watatu wa mkupuo mmoja waliopokelewa kwa mwanga wa simu. Kurasa mia moja themanini na saba, miaka mitatu, kwa vidole viwili. Majina yote aliyabadilisha, na mtandaoni hakukiweka hata kwa dawa. "Mambo ya kina mama wa watu haya," alisema, "hayazururi." Basi kitabu kikakaa kwenye flashi yake moja tu. Tangu mwaka jana Fundi alikuwa amemwahidi kumtengenezea nakala. Aliahidi, akasahau, akaahidi tena. Wa nje walitengenezewa siku hiyohiyo. Mke ndiye wa kusubiri.

Jumamosi hiyo lilikuwa limetoka toleo jipya la programu, na flashi zikawaishia. Fundi akakumbuka boksi la sebuleni. Akaenda, akapapasa nyuma yake, akakuta flashi nyeusi, ya aina ileile wanayonunua kwa pakiti. "Mama huyu naye hachomoi," akajisemea, akaichomoa. Akarudi stoo, akaipakia programu mpya juu yake, akabonyeza Enta. Dakika nne, kazi imeisha.

Hapo simu ikalia.

"Baba watoto, niko kwa wachapaji," mkewe akasema. "Nimesahau flashi yangu nyuma ya kikompyuta. Niletee upesi, saa saba wanafunga."

"Ile nyeusi?"

"Kwani ninazo ngapi?"

Fundi akasema anakuja. Alisema vizuri tu, kisha akakata simu, akakaa juu ya katoni la nyaya. Akaitazama flashi mkononi.

"Nimeua kitabu," akasema.

"Kitabu gani?" Mwalimu akauliza, macho bado kwenye boksi lake.

Akawaeleza. Taratibu, ambaye hata chai huinywa kwa awamu, akasimama mara moja, na hapo Fundi akajua kwamba mambo yameharibika kwelikweli. Aliogopa, tena sana. Hakuogopa kugombezwa, kugombezwa alishakuzoea. Aliogopa uso wa mkewe wakati wa kuambiwa kwamba miaka mitatu ya dirishani imekwenda, na aliyeipeleka ni yeye.

"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Ulipoichomoa, boksi lilikuwa limezimwa au linawaka?"

"Kioo kilikuwa cheusi."

"Sijakuuliza kioo, nimekuuliza boksi. Kioo hulala."

"Sikuangalia."

"Haya. Boksi likiwa linawaka, kitu kilichofunguliwa kinakaa wapi?"

"Kwenye kumbukumbu," Fundi akajibu, kama mwanafunzi wa nyuma aliyeshtukizwa. Halafu akaelewa anachojibu. "Kama alikiacha wazi..."

"Kama alikiacha wazi, na umeme haujakatika tangu hapo," Mwalimu akasema. "Twendeni."

Wazee watatu wakaingia sebuleni kwa kunyata, utasema kuna mtoto mchanga amelala. Nyuma ya boksi kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka. Wiki hiyo umeme ulikuwa umekatika mara mbili. "Asikanyage mtu waya," Taratibu akanong'ona, na Fundi akaangalia chini akakuta unyayo wake uko nusu hatua kutoka kwenye soketi. Akaurudisha nyuma polepole.

Mwalimu akasukuma kipanya. Kioo kikakaa kimya. Kisha mwanga ukaja, na maandishi yakaja nao: ukurasa wa mia moja themanini na saba kati ya mia moja themanini na saba.

Kwenye kioo kulitokea ujumbe wa kulalamika kwamba flashi haionekani. Fundi akanyoosha kidole ili auondoe. Mwalimu akakipiga kofi.

"Wewe kaa kule. Umeshafanya kazi ya kutosha leo."

Mwalimu akakihifadhi kitabu mwenyewe kwenye flashi yake binafsi iliyotoka mfukoni. Akakihifadhi tena kwenye ya Taratibu, na mara ya tatu kwenye moja ya Fundi iliyokuwa na muziki wa dansi, muziki ukafutwa bila kuombwa radhi. Wakazipeleka stoo, wakafungua kila moja kwenye boksi lingine, wakashuka na kurasa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Vyote vilikuwemo, mafuriko na baba aliyezimia. Fundi akaegemea ukuta akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujali nani anaona.

"Mpelekee," Taratibu akasema. "Na hana haja ya kujua."

Fundi alilifikiria jambo hilo njia nzima, na kusema kweli lilimvutia. Lakini alipomkuta mkewe ameketi kwenye benchi la wachapaji, mkoba mapajani, akamkabidhi flashi zote tatu.

"Mbona tatu?"

Akamwambia yote, hata mluzi. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza, kama alivyosikiliza wazazi wenye uchungu kwa miaka thelathini na mmoja.

"Kwa hiyo boksi lilikuwa linawaka," akasema mwishowe.

"Lilikuwa linawaka."

"Unajua leo asubuhi nilikwenda kulizima? Mkono ulishafika kwenye kitufe. Kwa ajili yako, kwa kelele zako za umeme kila siku, zima, zima. Halafu nikakumbuka ulivyonijibu jana juu ya chumvi. Nikasema, huyu leo simfurahishi. Nikaliacha."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka mchapaji akainua kichwa. Akamkabidhi mchapaji flashi moja, mbili akazitia mkobani. Fundi akakaa kwenye benchi. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kushukuru kununiwa. Siku hiyo alishukuru.