Karatasi ya Namba Sita

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, nusu ya ukurasa wa daftari, na tangu asubuhi Jabari alikuwa akiifinya mfukoni mpaka kona zake zikalainika kama kitambaa. Ilikuwa na mistari mitatu. Wessel, namba sita, amemaliza kufungiwa mechi mbili. Anaruhusiwa kurudi uwanjani. Sahihi ya katibu wa kamati ya nidhamu. Mstari huo wa mwisho ndio uliokuwa mtupu, na katibu alikuwa yeye.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2017, saa nane mchana. Nje kulikuwa na lile jua la kipupwe la Johannesburg, jeupe pe, lisiloweza kupasha moto hata sikio. Ndani ya uwanja wa barafu ilikuwa baridi zaidi. Mtu wa kwetu akiingia mle mara ya kwanza huuliza nani kaacha friji wazi, kisha huonyeshwa wanaume wazima wenye visu chini ya viatu, wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, na anaambiwa hiyo ni hoki, na kugongana ni ruhusa. Kinachokatazwa ni namna ya kugongana. Kwenye hiyo namna ndipo kamati ya nidhamu ilipopatia kazi.

"Katibu," mtu akamwita kutoka jukwaani. Alikuwa Octave, mshambuliaji mzaliwa wa Likasi, kakaa na koti zito na pakiti ya chipsi. Octave alifungiwa mechi nane mwezi wa tano kwa kumvizia mtu asiye na kisahani. "Nasikia namba sita amesharudi. Yeye mbili, mimi nane. Na mimi ungenitafutia mkalimani."

"Wewe shahidi wako alizungumza Kiingereza, bwana. Hakuna mkalimani wa kukuokoa hapo."

"Ndiyo nasema. Wengine wana bahati ya kutoeleweka."

Jabari alicheka, maana utani mzuri hakuweza kuuacha upite bila ushuru. Ila kicheko kilimkauka aliposhuka ngazi na kumkuta Gradi amekaa kwenye benchi la timu yake, anafunga kamba za viatu.

Gradi alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyepigwa na Wessel. Wiki sita nyuma alibebwa kwa machela, na daktari akamwambia mama yake, Agnès, kwamba ubongo umetikiswa, kwamba apumzike, na kwamba pigo jingine la namna hiyo kabla hajapona sawasawa linaweza kuwa la mwisho. Ligi ilikwenda mapumzikoni, ikarudi, mechi mbili zikachezwa, na kwa hesabu hiyo ya ajabu aliyepiga na aliyepigwa wakawa wanarudi siku moja, tena wakikutana.

"Shikamoo, anko," alisema Gradi. Salamu hiyo na maneno machache ndicho Kiswahili alichokubali kukitoa mdomoni. Yaliyobaki aliyasikia yote na kuyajibu kwa Kiingereza.

"Marahaba. Kichwa?"

Kiko sawa, alijibu. Alikuwa amefumba jicho moja kukwepa taa. Akaendelea na kamba zake, akazifungua, akazifunga tena, kisha akainua uso kama mtu aliyeona mgeni.

"Shikamoo, anko," alisema.

Jabari aliitikia tena. Aliondoka pale akigeuka nyuma kumtazama.

Alikwenda mpaka lango la pembeni, mahali ambapo mashine ya kulainisha barafu huingilia. Juu yake alikaa Mzee Gaston wa Lubumbashi, glavu mikononi, akisubiri wachezaji wamalize kupasha misuli. Kazi yake ilikuwa kupita na lile dude kubwa, likikwangua barafu iliyochakaa na kumwaga maji mapya yanayoganda nyuma yake. Miaka tisa sasa. Hajawahi kuteleza hata mara moja, na husema anangoja wampe mshahara wa kuanguka.

"Ona pale, mudogo," alisema Mzee Gaston. Alionyesha kona ya kushoto, chini ya ukuta wa mbao. Kulikuwa na kivuli cha waridi ndani ya barafu, kama ua lililobanwa kwenye kioo. "Damu ya ule mutoto. Kila siku ninapita juu yake. Mashine haifute. Inaifunika tu."

Wachezaji walikuwa wakizunguka. Wessel alipita mbele yao, kijana mrefu, mwenye adabu, asiyejulikana kwa matusi wala kelele. Aliinua gongo kumsalimu Jabari. Kisha akafika kwenye kona ile ya kushoto na kusimama juu ya lile doa, akalikwangua kwa kisu cha kiatu, taratibu, kwenda na kurudi.

"Kumbe amerudi," alisema Mzee Gaston. "Mwenye kungoja watu."

"Mwenye kugonga watu, Mzee Gaston. Usiharibu lugha ya watu."

"Mi sikusema kugonga."

Jabari alikuwa bado anatabasamu. Lugha ilikuwa shamba lake. Alizaliwa Mazimbu, Morogoro, baba akiwa mkimbizi wa Afrika Kusini na mama, Evarista, Mluguru wa palepale. Aliletwa Johannesburg akiwa na miaka sita, na mama akamlea kwa Kiswahili cha kunyooka mpaka leo akikosea ngeli anapigiwa simu. Kwa hiyo aliwatania Wakongo wote bila kuwabagua.

"Siku ya kikao ulisema nini, basi?"

"Nilisema vile niliona. Alimungoja, kisha akamupika."

Tabasamu likaondoka polepole, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga.

Alikikumbuka kikao vizuri. Kilifanyika kwenye ofisi ya juu, palipo na mitambo ya ubaridi chini ya sakafu, ikinguruma mpaka vikombe vinatetemeka. Watu watatu wa kamati, mwenyekiti akiwa Bwana Pillay, muuza vigae wa Fordsburg. Kamera ilikuwa imefuata kisahani upande wa pili, kwa hiyo picha ilimwonyesha Gradi akiwa tayari amelala. Shahidi alikuwa mmoja tu, huyu wa mashine, na mkalimani mmoja tu, katibu. Mzee Gaston akasema sentensi yake. Jabari aliposikia "akamupika" hakujizuia. Aliuliza kama alimtia na chumvi. Akaieleza kamati utani wake, kwamba watu wa Lubumbashi hawapigani, wanapikana, kamati ikacheka, na yeye, huku akifuta machozi ya kicheko, akaandika: alimgonga, pigo likafika kichwani. Kugongana mchezoni, mechi mbili. Kumvizia asiye na kisahani, nane. Kitabu kilikuwa wazi mezani, na neno lake ndilo lililochagua ukurasa.

"Alimgonga kivipi?" aliuliza sasa. "Yaani, alimngoja kivipi? Nieleze."

"Mutoto hakuwa na ile kidude. Ilishaenda kule. Ule wa sita akaacha kukimbia, akashika ukuta na mukono moja. Akatulia. Mi nikahesabu, moja, mbili, tatu, ine. Mutoto akageuka kutafuta wenzake. Ndiyo akaenda."

"Mbona hukusema hayo yote?"

"Mulicheka," alisema Mzee Gaston, bila uchungu. "Mutu akicheka, mi najua amesikia."

Bwana Pillay alikuwa kwenye ngazi za jukwaa, anakunywa chai kwenye kikombe cha karatasi. Jabari alimweleza kwa Kiingereza, haraka, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujipaka mafuta. Mwenyekiti alimsikiliza akiangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na tano.

"Herufi mbili," alisema.

"Mechi sita, Bwana Pillay."

"Niandikie barua. Kamati ikae Jumanne."

"Gradi anacheza leo."

"Na daktari wake kamruhusu. Mimi si daktari." Alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye uwanja uliojaa. "Jabari, Jumatatu ninakuandikia ile barua yako ya mahakamani. Mkalimani hodari, makini, wa kuaminika. Nitaandikaje hivyo, na huku unaniambia hukusikia neno moja katika sentensi ya maneno matatu? Weka sahihi. Jumanne tutaangalia."

Hiyo barua ndiyo aliyoingoja mwaka mzima. Kuingia kwenye orodha ya wakalimani wa mahakama, kuacha kulinda maghala usiku, mama apate cha kuwaambia watu wa Morogoro. Na kalamu ilikuwa palepale, Bwana Pillay akiishika upande wa wino, kistaarabu, ampe.

Jabari aliichukua. Alitoa karatasi, akaitandika kwenye goti, akaona Wessel anamtazama kutoka upande wa pili wa kioo. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mwili umetulia, wenzake wote wakizunguka mbele yake kama maji yanavyozunguka jiwe. Jabari alifuata macho yake yalipoelekea baada ya hapo. Gradi alikuwa ametoka kwenye benchi, anajaribu viatu vyake, anateleza kidogo, anasimama kupangusa macho.

Moja, alihesabu Jabari. Mbili. Tatu.

Kwenye mstari wa sahihi aliandika: ushahidi ulitafsiriwa vibaya, kosa ni la katibu, mchezaji asubiri kikao. Akatia jina lake lote, la baba na la mama.

Bwana Pillay aliisoma, akaisoma tena. "Unajua umejifungia na wewe, mlango wa mahakama," alisema.

"Najua."

"Sijui kama unajua." Alikunja karatasi na kwenda nayo kwa refa.

Mechi ilianza na dakika tano za kuzomea. Wessel aliongozwa nje kupitia lango la mashine, kofia ngumu mkononi, nywele zimelowa. Alimpita Mzee Gaston. Alimpita Jabari pia, na kwa sauti ya upole kabisa akamuuliza anaishi wapi siku hizi, bado Rosettenville? Jabari akasema ndiyo, kabla hajajizuia. Wessel akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

Gradi alicheza kipindi kimoja, akaomba kutoka mwenyewe, kichwa kinauma. Alikaa na taulo usoni mpaka mwisho. Alikuwa mzima. Octave kutoka jukwaani alipiga kelele kwamba sasa ndiyo amepatikana mkalimani, na watu wachache wakacheka.

Saa kumi na moja uwanja ulikuwa mtupu. Jabari alisimama karibu na lango akiwa amefunga koti mpaka kidevuni, akimwangalia Mzee Gaston akimaliza mzunguko wa mwisho, maji mapya yakitambaa juu ya lile doa na kuganda. Njia ya kutokea ilikuwa moja, ule ukumbi mrefu wa kwenda maegesho, na mwisho wake milango miwili ya kioo. Nje ya kioo jua lilikuwa limeinama. Kwenye mwanga ule alisimama mtu mrefu, mfuko wa viatu miguuni, mkono mmoja umeshika ukuta.

Mzee Gaston alizima mashine. Kimya kilikuja ghafla, hata mitambo ya chini ikasikika ikipumua. Alitazama ukumbini, akavua glavu moja, kisha nyingine.

"Ule anakungoja, mudogo," alisema. "Safari hii usikie vizuri."