Ngumi ya Ludwik

Seweryn alihitaji pointi moja tu. Katika kila mchuano wa pikipiki nne, wa kwanza huondoka na tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho hula vumbi bure. Alikuwa amebakiza mchuano mmoja. Akimaliza hata wa tatu, ubingwa wa Poland ni wake. Akikosa, basi tena: uti wa mgongo umechoka, daktari amekataza, na kesho pikipiki itauzwa.

Baba yake, Ludwik, ndiye aliyekuwa fundi wake tangu utotoni. Alikaza mnyororo mara ya tatu ingawa haukuwa umelegea.

"Baba, mbona unaukaza tena? Kwani unapanda wewe?"

"Funga kofia, mjinga wewe. Wa tatu tu, umesikia? Usijifanye simba leo."

"Nimesikia, mzee wangu."

Seweryn akavishwa kitambaa chekundu juu ya kofia, akasukuma pikipiki yake isiyo na breki hadi kwenye utepe wa kuanzia, uliotandazwa mbele ya pikipiki zote. Atakayeugusa kabla haujapaa hufutwa hapo hapo, hana wa kumlilia.

Ludwik akasimama kwenye lango la mafundi, mbele kidogo ya utepe, akafumbata vidole gumba ndani ya ngumi. Uwanja mzima wa Leszno ulikuwa umefumbata vyake, wengine wakiwa na soseji mdomoni. Ndivyo mtu anavyotakiwa heri pale.

Injini zikanguruma. Ludwik akamwona mwanawe ameinama juu ya usukani, kama alivyoinama utotoni kwenye baiskeli nyuma ya nyumba, akisubiri kamba ya kuanikia nguo. Ludwik ndiye aliyekuwa akiishika kamba ile. Akifungua ngumi, inaanguka, mtoto anachomoka, na baba anapiga kelele: "Hapo sawa, mwanangu!" Kila jioni, miaka na miaka.

Machozi yakamtoka mzee. Akafungua ngumi ajifute.

Pikipiki ya mwenye kofia nyekundu ikachomoka. Utepe ulikuwa bado chini. Ukamnasa Seweryn kifuani ukakatika, na taa nyekundu ikawaka: amefutwa. Jukwaani makopo ya bia yakasikika yakibingirika. Wale watatu walianzishwa upya, wakakimbia mizunguko yao minne, na Ludwik hakujua nani alishinda wala hakutaka kujua.

Seweryn alirudi akisukuma pikipiki, uso umejaa vumbi. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma mzee.

"Ulifungua mkono, baba," alisema. "Nilikuona. Nikadhani..."

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na midomo ilimcheza kama ya mtoto.

Ludwik akamshika shingo kwa mikono yake ya grisi, akaegemeza paji lake la uso kwenye kofia ile nyekundu.

"Hapo sawa, mwanangu," alisema huku akilia. "Hapo sawa."