Onyo la Pembeni

Shemeji yangu nilimbandika jina la Bonyeza, na alilistahili. Mwaka jana alikuwa kwenye mtandao akitafuta picha za vitambaa, mara skrini ikawa nyekundu, king'ora kinalia, na maandishi makubwa: kompyuta yako ina virusi, piga namba hii sasa hivi. Naye akapiga. Mtu mzima na mvi zake, akamfungulia tapeli kompyuta ya mke wake huku akimwita "mkubwa". Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo huu, kwa hiyo uchafu wake nikausafisha mimi, siku mbili nzima.

Sikumwonea haya. Nilimsema mbele ya wanawe na mbele ya washonaji wa dukani kwa dada yangu, mke wake. Nikamwambia, wewe huwezi kujua onyo la kweli ni lipi na la uongo ni lipi, basi usijisumbue: likitokea onyo lolote, funga. Nikaliandika hilo kwenye karatasi na kulibandika juu ya skrini. Dada akasema, "Mdogo wangu, punguza ukali, huyu ni mume wangu." Nikamjibu kwamba ndoa haimwongezei mtu akili.

Na kompyuta ile si ya kuchezea. Dada ni fundi cherehani. Vipimo vya wateja wa miaka ishirini na vielelezo vya mishono yake yote, alivipiga picha akaviweka humo. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeliwa na mchwa, akazichoma. Aliyemshauri azichome ni mimi.

Jumanne asubuhi Bonyeza akanipigia nikiwa kazini.

"Shemeji, kuna kitu hapa chini, pembeni. Kidogo tu, hakipigi kelele. Kinasema kimegundua faili la hatari, kinaomba ruhusa kiliondoe."

"Uliambiwaje?"

"Nifunge. Lakini hiki hakifanani na kile cha..."

"Bonyeza, kusoma hujui? Funga." Nikakata simu.

Sasa niseme ninachokijua, maana ndiyo kazi yangu. Programu halisi ya kulinda kompyuta haina makeke. Hujitokeza pembeni kwa jina la programu ileile uliyoiweka mwenyewe, hukutajia faili, na haikupi namba ya simu ya mtu. Anayepiga king'ora ndani ya ukurasa wa mtandao na kukuharakisha, huyo ni mwizi. Mtoto wa darasa la tatu ningemfundisha hayo kwa dakika tano. Shemeji yangu sikumpa hata moja.

Alhamisi Dada alipowasha kompyuta, kila faili lilikuwa limefungiwa na lile faili la hatari, halifunguki tena, majina yamegeuka herufi zisizosomeka. Hata diski ya akiba yenye nakala zake haikupona, kwa sababu ilikuwa imechomekwa hapohapo. Nilifika dukani nikifoka tangu mlangoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilisema, safari hii umebonyeza nini? Bonyeza alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja.

Nikafungua kumbukumbu za ile programu ya ulinzi niliyomwekea Dada, ili nimwaibishe vizuri. Zilikuwa na kila kitu. Jumanne, saa nne, onyo, limefungwa. Saa nne na robo, onyo, limefungwa. Mara tisa siku ile, kisha kimya.

Dada akasogea, akasoma naye, kidole kwenye kioo.

"Ni kweli alikupigia?"

Ningeweza kudanganya. Bonyeza alikuwa anaangalia sakafu, asingenibishia. Nilitaka sana kudanganya.

"Alinipigia."

"Akakwambia halifanani na lile la kwanza?"

"Aliniambia."

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, mama anayeshonewa hapo tangu ujana wake. Dada akamwomba avue koti, apimwe upya kuanzia mabega.

"Mume wangu," akasema, "chukua daftari uniandikie." Kisha, bila kunitazama, "Na wewe tupishe, unatuzibia mwanga."