Angalia Mchanga

Siku tochi mpya zilipofika chuoni, mimi ndiye niliyezitoa kwenye maboksi, kwa sababu kila kitu kizito au kichafu pale chuoni huishia mikononi mwangu. Ya kwanza niliiweka kwenye benchi la chuma karibu na mashine ya kujazia mitungi ya hewa. Nilipotaka kuinyanyua, ikagoma. Ilikuwa imeng'ang'ania benchi kama kupe. Nikajua papo hapo kwamba kitufe chake cha kuwashia kina sumaku ndani.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa kaka.

"Kaka, hizi tochi zina sumaku. Mtu akiivaa kwenye mkono wenye dira, dira itamdanganya."

Kaka yangu ni mkuu wa chuo cha kupiga mbizi, ni mtahini mkuu, na ni mtoto wa kwanza wa mama yetu. Vyeo vyote vitatu huvivaa kwa pamoja, nadhani hata akienda kuoga. Hakuinua macho.

"Waliozitengeneza wana wataalamu wao," alisema. "Wewe jaza mitungi."

Nimejaza mitungi miaka kumi na tisa. Naijua hewa ya kila mtungi kwa mlio wake. Jina langu hapo chuoni ni Mama Mitungi, na wanafunzi wengine wanadhani ndilo nililopewa nilipozaliwa. Kila wiki nazamia, na maji yakichafuka, mwanafunzi akipotea, mimi ndiye ninayetumwa kumfuata. Lakini cheti cha kiongozi sina, na bila cheti hicho siruhusiwi kumshika mkono hata mtu mmoja nikampeleka chini. Mara mbili niliomba mtihani. Mara ya kwanza kaka alisema nisubiri, mara ya pili akauliza mashine itabaki na nani. Mara ya tatu sikuomba. Niliandika jina langu kwenye orodha ya ukutani kwa kalamu isiyofutika. Karani wetu, tunayemwita Redio, akalipitia, na kabla ya saa nne chuo kizima kilikuwa kimeshajua.

"Haya," kaka alisema. "Nitakutahini mimi mwenyewe, usije ukasema umeonewa."

"Kuonewa nimeshazoea," nilimwambia. "Kutahiniwa ndiyo bado."

Siku ya mtihani bahari iliamka na hasira zake. Sheria ya chuo ni kwamba mawimbi yakizidi kifua, hakuna kuingia. Kaka alisimama majini, akasema yanamfika kifuani, basi ni halali. Yeye ni mrefu. Kifua chake ni shingo yangu.

"Tuahirishe?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa tamu mno.

Hilo ndilo alilolitaka, nirudi mwenyewe kwenye mashine nikiwa nimenywea. Nikamwambia anipe dakika kumi. Nikasimama mchangani nikihesabu mawimbi. Makubwa huja kwa mafungu, halafu bahari hupumua kidogo. Siku ile yalikuja matano, kisha utulivu wa kama dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu inamtosha mtu anayejua anachofanya.

Redio alisoma masharti kutoka kwenye fomu, kwa sauti ya taarifa ya habari. Tuingie kwa kukata mawimbi. Tuogelee chini kwa chini, dira ikisoma nyuzi mia moja, hadi kwenye tofali kubwa la zege lililozamishwa kwa mazoezi. Turudi kwa nyuzi mia mbili themanini, tutokee kati ya bendera mbili zilizosimikwa ufukweni. Mtahiniwa aongoze njia. Akiibuka juu kabla ya bendera, amefeli. Akikaidi amri ya mtahini, amefeli.

"Hilo la mwisho umelisikia?" kaka aliuliza.

"Masikio ninayo."

Wimbi la tano lilipovunjika tukaingia kinyumenyume, mapezi miguuni, kipumulio mdomoni, mkono mmoja umebana miwani. Lilikuja jingine dogo lililochelewa. Mimi nilijilaza chini likanipita juu ya kisogo. Kaka alisimama, maana yeye husimama, likamkalisha kitako. Sikucheka, kwa sababu kipumulio hakiruhusu.

Chini ya povu kulikuwa na ukimya wangu ninaoupenda. Mchanga wa pale una mikunjo midogo kama bati la paa, na mikunjo hiyo hutandikwa na mawimbi, kwa hiyo hulala sambamba na ufuo. Ukiikata kwa upana, unakwenda nje au unarudi nyumbani. Ukiifuata kwa urefu wake, unatembea kando ya pwani. Hilo halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha chuo. Nimelijua kwa kuwafuata waliopotea.

Nikahesabu mateke. Kwenye teke la mia mbili na sita, tofali likatokea mbele ya pua yangu. Nikaligusa, nikageuza dira, tukaanza kurudi.

Katikati ya njia maji yakachafuka. Mawimbi yalikuwa yameutimua mchanga, nikawa naona urefu wa mkono wangu na zaidi kidogo. Kaka akawasha tochi. Ilikuwa imening'inia kwenye fulana yake tangu mwanzo. Sasa aliivaa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio wenye dira yake.

Haikupita dakika akanivuta pezi. Nilipogeuka alikuwa ananionyesha kushoto. Nikamwonyesha mbele. Akatikisa kichwa, akachomoa kibao chake cha kuandikia, akaandika: GEUKA KUSHOTO. AMRI.

Nilijua kilichoko kushoto. Ni yale majabali tunayoyaita Meno, na bahari ikiwa vile huyapiga mpaka yanalia. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alitokea pale kwa bahati mbaya akatolewa na mguu uliovunjika mahali pawili. Nilijua pia kilichoandikwa kwenye fomu. Nikitii, tutakwenda Menoni wote wawili. Nikikataa, narudi kwenye mashine, na safari hii moja kwa moja.

Nitasema ukweli, niliogopa. Bahari sikuiogopa. Niliogopa miaka mingine kumi na tisa ya mlio ule ule wa mashine. Kisha hofu ikageuka hasira, na hasira yangu mimi huwa inanituliza. Nikachukua kalamu yake nikaandika chini ya maneno yake: HAPANA. ANGALIA MCHANGA.

Hakuangalia. Akanikazia macho kama anavyonikazia tangu utotoni nikimaliza mboga, akaanza kuogelea kushoto peke yake. Nikamshika mkanda. Akageuka amefura, na mapovu yakamtoka kama sufuria iliyochemka. Nikamkamata mkono wa kushoto, nikafungua kamba ya tochi pale kwenye kifundo, nikaipeleka mbali kadiri mkono wangu ulivyofika.

Mshale wa dira yake ukazunguka taratibu mbele ya miwani yake. Ukatulia sawasawa na wangu.

Nikairudisha tochi karibu. Mshale ukaondoka. Nikaipeleka mbali. Ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu, na ya tatu haikuwa na ulazima wowote. Niliifanya kwa raha zangu.

Akatazama chini. Mikunjo ya mchanga ilikuwa imelala ikikingama mbele yetu, inangoja kukatwa. Akanionyesha kwa kidole niendelee.

Tulipofika kwenye povu nilitambaa. Kipumulio mdomoni, magoti na viganja mchangani, nikishika kila wimbi likivuta, nikisonga kila likisukuma. Wanaume wa chuo chetu hutoka wamesimama wima ili wapigwe picha, na nusu yao huangushwa. Niliposikia upepo masikioni nikainua kichwa. Bendera moja ilikuwa kulia kwangu, nyingine kushoto. Nyuma yangu mkuu wa chuo naye alikuwa anatambaa.

Ofisini, maji bado yakimchuruzika, kaka aliijaza fomu haraka kisha akaisukuma kwangu nitie sahihi. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema. Nikakisoma cha mwisho: *Alitii amri zote za mtahini.*

"Hili si kweli," nilisema.

"Umefaulu," alisema kwa sauti ya chini. "Tia sahihi, yaishe."

"Mimi nilikataa, kaka."

"Na mimi nimekusamehe. Unataka nini tena?"

Redio alikuwa ameacha kupumua nyuma ya kabati la mafaili. Nilikitazama kile cheti kilicholala chini ya mkono wake, kimeshapigwa muhuri, kinasubiri jina langu tu. Nilikitaka mpaka meno yakaniuma. Lakini wiki ijayo wanafunzi kumi na wawili wangeingia majini na tochi zile mikononi, na fomu ingesema mtahini hakukosea, na kilichokuwa hakijaandikwa kingekuwa hakijatokea.

Nikachukua kalamu. Nikaikata ile alama ya vema, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: *Nilikataa. Tochi ina sumaku, dira ya mtahini ilikuwa inatupeleka Menoni.* Nikatia sahihi chini ya hayo.

"Sasa amua," nilimwambia. "Ukinifelisha, nifelishe kwa hilo."

Aliisoma. Akaisoma tena. Mkono wake ulikwenda kwenye kona ya karatasi, nikadhani anaichana. Nje bahari ilikuwa inaendelea kugombana na mtu. Kisha akaandika mstari mmoja chini ya wangu, akanigeuzia karatasi bila kunitazama: *Ni kweli. Mimi ndiye niliyepotea.* Na juu, penye matokeo, akaandika *Amefaulu*, akaandika jina langu kwenye cheti. Jina lenyewe, lile alilonipa mama.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, na boksi la tochi kwapani, aliponiita.

"Dada. Sasa mitungi atajaza nani?"

"Njoo kesho saa moja asubuhi," nilimwambia. "Nitakufundisha."