Picha ya Kabla

Mwalimu Mukiri alifundisha sayansi kwa miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za Imenti ya Kati, na alipostaafu hakuacha tabia ya kupima mambo. Kwa hiyo rafiki yake Celina alipomletea kopo la kwanza la kolajeni, mwezi wa Januari, Mukiri hakulifungua kabla ya kutafuta daftari. Juu ya ukurasa aliandika tarehe. Chini yake akaandika: "Nyumbani hadi kiwanda cha kahawa. Napumzika mara tano."

"Wewe na daftari!" Celina akacheka. "Huu si mtihani wa darasa la nane, mucore wangu, rafiki yangu. Kunywa tu."

"Nitakunywa. Lakini nitajuaje kama imenisaidia?"

"Goti litakuambia. Kioo nacho kitakuambia. Kolajeni ndiyo gundi ya mwili, Mukiri. Ngozi, kano, gegedu la goti, vyote vinashikwa nayo. Tukizeeka inapungua. Basi tunairudisha kwa kijiko."

Mukiri aliutazama mkono uliokuwa ukikoroga poda ndani ya chai. Kwenye kifundo palikuwa na bangili nene ya shaba. Celina aliivaa tangu walipokuwa chuo cha ualimu, kwa sababu nyanya yake alimwambia shaba hufukuza baridi yabisi. Mkono ulikuwa umenenepa tangu hapo, na bangili haikuweza tena kutoka.

"Na hiyo bangili? Mbona kolajeni haijaistaafisha?"

"Bangili ni mke mkubwa," Celina akajibu bila kupepesa macho. "Kolajeni ni mke mdogo. Wanaelewana vizuri kabisa."

Walicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Mukiri hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye hivyo. Miaka miwili iliyopita, mumewe Mwiti alipoanguka katikati ya mibuni yake na asiinuke tena, Celina alifika Githongo, kwa Mukiri, siku ileile kutoka nyumbani kwake Majimbo, mjini Embu. Alikaa siku tisa. Alipika, alipokea wageni, akamtafuta mpiga picha. Siku ya mazishi alisimama upande wa kulia wa Mukiri na kumshika bega, tangu jeneza lilipotolewa nyumbani hadi udongo wa mwisho ulipotupwa.

Hayo Mukiri aliyajua kwa kuambiwa. Yeye mwenyewe aliikumbuka siku ile vibaya sana. Alikumbuka matope kwenye viatu na harufu ya mashada. Hakukumbuka ni wimbo gani ulioimbwa, wala nyuso za wanawe, wala nani alitupa udongo wa kwanza. Siku nzima ilikuwa imemtoka kama maji yaliyochotwa kwa kikapu. Ndiyo maana alizitaka picha. Alimwuliza Celina mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mara Celina alitikisa kichwa kwa huzuni: kompyuta ya mpiga picha iliharibika, na kila kitu kilipotea ndani yake. Mara ya tatu Mukiri alilia kidogo, akaacha kuuliza.

Poda aliinywa kila asubuhi, kijiko kimoja. Wiki ya nne daftari lilisema mara tano. Wiki ya nane likasema mara tatu. Wiki ya kumi na mbili, mara mbili.

Alilibeba daftari hadi kituo cha afya, kwa Kiogora, tabibu kijana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Kiogora aliusoma ukurasa taratibu kama mtu anayeogopa kusahihishwa.

"Mwalimu, nilikupa mazoezi ya kuinua mguu. Unayafanya?"

"Kila siku. Mara ishirini kila mguu."

"Na umepungua uzito."

"Kilo nne."

"Basi jaribio limeharibika. Wewe ndiye uliyetufundisha: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja."

Mukiri alijikuta akitabasamu. "Nimekamatwa. Lakini niambie, ni uongo?"

"Si uongo wote. Kolajeni ni protini. Ukiinywa, tumbo linaivunjavunja kama linavyovunja maharagwe. Haiendi moja kwa moja kwenye goti kama barua iliyoandikwa anwani. Hata hivyo, zipo tafiti zinazoonyesha maumivu ya goti kupungua kiasi, na ngozi kupata unyevu kidogo. Nyingi ni ndogo, na baadhi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Kama inakufaa na haikudhuru, kunywa. Ila usiache mazoezi."

Jibu hilo lilimridhisha Mukiri kwa sababu lilikuwa na pande zote mbili. Jumapili iliyofuata, wanawake wa kanisa walipomwuliza kuhusu mwendo wake mpya, aliwaambia hivyo hivyo: mazoezi, uzito na poda, na kwamba hakuweza kuvitenganisha. Celina alifurahi sana kusikia habari hizo. Alikuja na simu yake, akamsimamisha Mukiri kando ya maua ya waridi, akampiga picha akicheka.

"Nitaituma kwa kampuni inayonipa poda niuze," alisema. "Na Jumamosi ya tatu ya Mei nina mkutano Majimbo. Wakubwa wangu watakuwepo. Mkutano huo ukifaulu, eneo lote la Embu na Meru linakuwa mikononi mwangu. Utakuja useme neno?"

"Nitasema ninachokijua."

"Hicho hicho tu, mucore wangu."

Siku tatu kabla ya mkutano, Mukiri alipeleka kahawa kiwandani. Katika foleni ya mizani alikutana na jirani yake Ciakuthii, mwanamke ambaye mdomo wake ulifika mahali kabla ya miguu.

"Muga, Mwalimu!" akamsalimu. " Kumbe ulikuwa umezeeka hivi na ukatuficha?"

"Nani amezeeka?"

"Wewe! Ona." Ciakuthii akamsogezea simu. "Imetumwa kwa kikundi chetu. Mimi nikasema, kama hii poda imemtoa Mwalimu kaburini, hata mimi nataka. Nimeitisha makopo mawili. Mzee wangu ananiuliza, si hiyo ni supu ya kwato tu imesagwa? Nikamwambia, wewe kunywa supu yako, mimi niache niwe msichana."

Wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko. Mukiri naye alikuwa karibu kucheka alipoiona picha.

Zilikuwa picha mbili zilizowekwa bega kwa bega. Upande wa kulia, chini ya neno BAADA, alikuwa yeye kando ya waridi. Upande wa kushoto, chini ya neno KABLA, alikuwa mwanamke mwenye macho yaliyovimba. Mashavu yake yalikuwa yameshuka, midomo imepasuka, ngozi imesawijika kama majivu. Kichwani alikuwa na kitambaa cheusi.

Mukiri alikitambua kitambaa kwanza. Kisha akaona, kwenye ukingo wa picha, mkono juu ya bega la mwanamke yule. Picha ilikuwa imekatwa hapo, lakini haikukatwa vya kutosha. Bangili ya shaba ilionekana nusu. Chini kabisa, kwenye pembe, palikuwa na kipande cha mbao ya kahawia iliyong'arishwa. Hiyo ilikuwa pembe ya jeneza la Mwiti.

"Mwalimu? Unaumwa?"

"Foleni inasonga," Mukiri akasema. "Songa, Ciakuthii."

Siku hiyo alipumzika mara sita njiani. Hakuandika.

Jumamosi alifika Majimbo mapema. Ukumbi wa kukodi ulikuwa bado unapangwa viti. Ukutani palikuwa na mabango mawili ya karatasi ngumu, kila moja kubwa kama mlango: KABLA na BAADA. Mukiri alipita mbele yake bila kusimama, akamkuta Celina kwenye chumba cha nyuma akipanga makopo kwenye trei. Celina alikuwa na nguo mpya ya kijani. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nyota wangu amefika!"

Mukiri hakuishika mikono ile. "Ulisema zilipotea."

Celina alielewa mara moja. Mikono yake ilirudi polepole kwenye makopo.

"Zilipatikana baadaye," alisema.

"Lini?"

Celina aligeuza kopo moja, akalipanga upya.

"Celina, lini?"

"Hazikupotea." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanzoni nilitaka kukukinga. Hukujiona siku ile, Mukiri. Mimi nilikuona. Nilizitazama zile picha nikasema, huyu akijiona hivi atakufa. Nikazificha. Kwa Mungu, nilizificha kwa upendo."

"Naamini. Na kuzibandika ukutani ni upendo wa aina gani?"

"Kampuni inataka kabla na baada. Sikuwa na ya kabla."

"Ulinipiga picha Januari, uliponiletea kopo. Nakumbuka."

"Ile ya Januari..." Celina alisita, kisha ukweli ukamponyoka. "Ile ya Januari na ya Aprili zinafanana. Huoni tofauti."

Mukiri alivuta kiti akaketi. Goti lilikuwa linamwuma. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika kwenye daftari lile, alikuwa amepata jibu safi, nalo lilitoka kinywani mwa mwuzaji.

"Kwa hiyo ulitafuta siku ambayo nilikuwa mbaya zaidi."

"Machozi hayaonekani! Nani atajua? Wanawake wanaona uso uliochoka, basi. Ningekuomba, ungekataa."

"Ndiyo maana hukuniomba."

Celina akaanza kulia. Alilia vizuri, kimya, kama alivyolia Githongo, na Mukiri alishangaa kuona kwamba mkono wake mwenyewe ulitaka kuinuka umfute. Aliuzuia.

"Watu wanafika," Celina akasema. "Wakubwa wangu wako hapo nje. Nimefanya kazi hii miaka mitatu. Usiponisemea leo, nimekwisha. Sema habari ya goti tu. Goti si uongo."

"Goti si uongo," Mukiri akakubali. Akainuka.

Ukumbi ulijaa wanawake wapatao arobaini. Celina alizungumza kwanza, na alizungumza vyema. Hata Mukiri alikiri hivyo moyoni. Kisha akamwita "dada yangu wa chuo, shahidi wangu." Makofi yakapigwa. Mukiri akatembea hadi mbele, akasimama kati ya mabango mawili, mikono nyuma, kama alivyozoea mbele ya ubao.

"Naitwa Mukiri. Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nimekunywa poda hii wiki kumi na sita. Goti langu limepata nafuu. Nilifanya mazoezi pia, na nilipungua kilo nne, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni kipi kilichonisaidia. Huenda ni vyote. Wataalamu wanasema yapo manufaa kidogo kwa goti na kwa ngozi. Kidogo. Anayetaka kujaribu na ajaribu, lakini amwulize kwanza daktari wake. Goti nimelimaliza. Sasa uso."

Mukiri akasogea hadi chini ya bango la KABLA.

"Celina, njoo usimame hapa kulia kwangu."

Celina alikuja, kwa sababu wakubwa wake walikuwa wanatazama.

"Weka mkono begani kwangu."

"Mukiri, tafadhali."

"Uliuweka bila kuombwa siku ile. Uweke."

Mkono ukainuka, ukatua begani. Bangili ya shaba ikagonga mfupa. Mukiri alisimama tu chini ya bango la KABLA, na wanawake wakaanza kutazama juu, kisha chini, kisha juu tena. Mmoja wa mstari wa mbele akaweka kiganja mdomoni. Nyuma, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Hicho cheusi si kitambaa cha msiba?"

"Ni cha msiba," Mukiri akajibu. "Siku ile nilimzika mume wangu. Sikuwa nimelala siku nne. Hakuna poda ya siku ile, mama."

Aliushika mkono wa Celina, akaushusha kutoka begani taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Kisha akapanda kwenye kiti na kung'oa pini za bango la KABLA, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Alilikunja, akalitia kwapani, na kutoka. Bango la BAADA alimwachia Celina. Mlangoni alisikia viti vikiburuzwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza kama poda ya goti bado inauzwa.

Kabla hajafika nyumbani, simu ililia. Picha ziliingia moja moja kutoka kwa Celina, bila neno lolote, mpaka zikatimia mia moja na kumi na mbili. Alizitazama jikoni, ameketi. Aliona kwamba udongo wa kwanza aliutupa yeye mwenyewe. Aliona wanawe wameshikana mikono, jambo ambalo hawakulifanya tangu utotoni.

Karibu katika kila picha, Celina alikuwepo. Alikuwa amebeba mwavuli. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, akimfunga Mukiri kamba ya kiatu.

Mukiri alilikunjua bango mezani na kuchukua mkasi. Alikata ukanda wa juu wenye neno KABLA, akautupa mekoni. Kisha akauelekeza mkasi kwenye ule mkono. Alijaribu kuanzia kwenye vidole, halafu kwenye bangili. Kila alipopima, aliona kwamba mkono hautoki bila kuondoka na bega lake.

Aliurudisha mkasi kwenye droo. Alilikunja bango, uso ukiwa ndani, akalisimamisha nyuma ya kabati, pamoja na kopo ambalo lilikuwa bado na nusu.