Ukuta wa Kumbe

Swali la tisa alilitunga mkaguzi mwenyewe, na alilipenda kuliko mengine yote. Wizara ilikuwa imeamua kwamba ubunifu wa walimu upimwe nchi nzima, shule kwa shule, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza kipimo. Ujanja wa walimu wakuu alikuwa anaujua vizuri. Mwaka nenda mwaka rudi wanakuonyesha bustani ileile na picha zilezile, na bado wanaapa kwamba wamebuni jambo. Akawawekea mtego: "Je, mbinu hii imeanza kutumika mwaka huu wa masomo?" Ukijibu hapana, mbinu nzima inapata sifuri. Ofisini walimpigia makofi, naye akavimba kichwa kidogo, kama ambavyo yeyote kati yetu angevimba.

Kumbe katika shule zote za nchi, mbinu aliyoipenda kuliko zote haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa ya mdogo wake, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na watoto waliiita Ukuta wa Kumbe. Mtoto akikosea hesabu hakufuta kosa lake. Alitoka koridoni akaliandika ukutani kwa wino, na chini yake akaeleza alivyofikiri mpaka akafika huko. Mwenzake yeyote alikuwa na ruhusa ya kumjibu. Siku mwenye kosa alipoelewa, aliandika neno moja tu, "Kumbe!", na darasa zima likamshangilia. Hakuna aliyefuta kitu. Wadogo walijifunza kwa makosa ya waliowatangulia, na waliokwisha kuhitimu walipita siku mojamoja kutazama ya kwao, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kosa la kwanza kabisa lilikuwa chini, karibu na sakafu, kwa sababu aliyeliandika alikuwa mfupi. Nusu ukijumlisha na nusu, alisema, unapata mbili juu ya nne. "Nimejumlisha za juu, nikajumlisha na za chini, ili zisioneane wivu." Mwenzake akamjibu: "Nusu chungwa na nusu chungwa ni chungwa zima, wewe!" Halafu ikafuata "Kumbe!" yenye mkia mrefu mpaka kwenye sakafu. Mwandishi wake alikuwa binti wa mwalimu, mtoto wake wa pekee. Mkaguzi hakujaliwa mtoto, na ni huyo tu aliyekuwa akimwita mama mkubwa na kumpekua mkoba bila kuomba ruhusa. Homa ilimchukua kabla hajamaliza darasa la nne. Mama yake aligawa nguo, akagawa viatu, hata mto wa kulalia hakubakiza.

"Mwanangu yuko ukutani," alimwambia dada yake. "Nikifika kazini namkuta."

Yote hayo mkaguzi aliyajua. Ndiyo maana zamu ya shule ile ilipofika hakuomba abadilishiwe. Alitaka aueleze ukuta ule kwa mkono wake mwenyewe, wizara yote isome.

Aliyeharibu mambo ni mwalimu mkuu, tena kwa furaha tu. Alimpokea mlangoni akicheka mpaka jino la mwisho.

"Karibu, karibu! Mwaka huu tumeletewa mtu wa nyumbani. Alama zetu ziko mfukoni!"

Mkaguzi alihisi uso unamchoma. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumpendelea mtu, na sasa anachekewa kana kwamba ni dalali. Akajiapiza kwamba leo watamjua. Walipofika koridoni mdogo wake alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono ina chaki, anatabasamu.

"Mbinu hii imeanza mwaka huu wa masomo?"

"Dada, si unajua ilianza lini?"

"Nijibu, mwalimu."

Tabasamu likakatika. "Haikuanza mwaka huu."

Mkaguzi akaandika sifuri. Wakati wa kuagana alimshika mdogo wake bega. "Ni alama tu, mdogo wangu. Usiweke moyoni."

"Sijaweka, dada."

Alama tu! Shule ilishika mkia wilayani, na mwalimu mkuu akaitwa kujieleza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye cheo, na hao ndio wanaotuvunjia vitu. Shule ilipofungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, mwalimu wa hesabu akiwa amesafiri kwenda kwa wazazi, mafundi waliingia. Wakaukwangua ukuta, wakaupiga plasta na rangi nyeupe, na katikati wakatundika skrini kubwa.

Mwalimu aliyakuta hayo siku ya kufungua shule. Hakupiga kelele wala hakumwambia dada yake. Simu alizipokea kwa ufupi, kazi nyingi, kichwa kinauma, tutaongea. Mkaguzi akadhani ni hasira ya sifuri ile, na kwa kweli ilikuwa imeanza kumkosesha usingizi. Akarudi kwenye kamati kupigana na swali lake mwenyewe. Walimcheka, walimzungusha, lakini alishikilia mpaka wakakubali kuliondoa kuanzia mwaka utakaofuata. Kwa hiyo aliporudi shuleni kwa kipimo kingine alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba zawadi, na habari ile aliimwaga palepale koridoni kabla hata ya salamu kuisha.

"Swali la tisa mwakani halipo, mdogo wangu! Nimeling'oa!"

"Umefanya vizuri, mkaguzi."

Hakumwita dada. Hapo ndipo mkaguzi alipogeuka akauona ukuta, mweupe kutoka juu mpaka chini, na skrini inayorusha namba za rangi. Alitazama pale karibu na sakafu. Alitazama tena.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, mkaguzi?"

Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yao, anasugua viganja kwa raha. Mwalimu wa hesabu alijibu maswali yote kwa utulivu, moja baada ya jingine, kama anavyojibiwa mgeni. Baada ya la nane mkaguzi akafunua ukurasa.

"Umeruka la tisa," alisema mdogo wake. "Mwaka huu bado lipo. Niulize."

"Siwezi."

"Niulize, mkaguzi. Watoto wananisubiri."

"Mbinu hii... imeanza mwaka huu wa masomo?"

"Imeanza mwaka huu. Kabla yake hapa hapakuwa na kitu."

Akaingia darasani, akafunga mlango taratibu.

Mkaguzi aliandika alama zote. Kisha akapiga magoti sakafuni na kuanza kupapasa rangi kwa vidole, akitafuta angalau ule mkia wa neno. Plasta ilikuwa laini. Fundi alikuwa ameijua kazi yake.

"Umedondosha kitu, mheshimiwa?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ndiyo," alisema mkaguzi, machozi yanamtiririka.

Mwalimu mkuu akainama naye, akaanza kumsaidia kutafuta.